Shajara ya mradi: meza za utabiri wa mchezo kwenye sherehe ya mavazi ya maigizo

Eneo: uani, nyumba ya Mikocheni. Wageni 60. Muda wa meza: saa 2:00 hadi 4:30 usiku. Timu: watabiri watatu, msimamizi wa foleni mmoja, mtu wa taa na vifaa mmoja.

Siku 42 kabla

Mwenye shughuli aliomba "mganga ndani ya hema". Tumekataa, na sababu zinawekwa hapa ili mjadala usirudi.

Dar es Salaam utabiri si hadithi ya mbali. Mgeni anaweza kuingia hemani akicheka, akatoka amebeba jina la jirani kichwani. Ramli chonganishi inavunja nyumba, na imewahi kuhusishwa na mauaji. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo leo ni Sura ya 18, bado ipo. Tena kati ya wageni 60 wamo Waislamu na Wakristo ambao dini zao zinakataza ramli moja kwa moja. Kwa hiyo kitu kinachojengwa lazima mtu akione kuwa ni mchezo kabla hajakaa kwenye kiti.

Vilivyofutwa kwenye orodha ya mapambo: tunguri, usinga, hirizi, na vitambaa vyekundu, vyeupe na vyeusi vikiwa pamoja. Rangi hizo tatu zikikutana chini ya taa hafifu, hema linageuka kilinge hata ukiandika "mchezo" mara kumi mlangoni. Rangi zetu ni buluu ya usiku na manjano. Limefutwa pia wazo la kumwigiza Sheikh Yahya Hussein, mnajimu aliyevuma mjini na kufariki mwaka 2011. Kumwigiza marehemu ambaye nusu ya wageni wanaikumbuka sauti yake redioni ni kutafuta lawama.

Wahusika waliokubaliwa: Nahodha wa jahazi (mchanga), Sungura (karata), Muuza kahawa (vikombe). Wote watatu wanajulikana, na hakuna anayewaogopa.

Siku 35 kabla

Tulianza na njia tano, zimebaki tatu.

Viganja vimeondolewa. Mistari mitatu mikubwa, wa moyo, wa akili na wa maisha, mtu anaijifunza kwa nusu saa, hilo si tatizo. Tatizo ni hina: mgeni aliyetoka harusini wiki hiyo hana mstari unaoonekana. Halafu wapo wasiopenda kushikwa mkono na mtu baki. Kuonyesha kwa kijiti badala ya kidole kunasaidia, lakini meza inapoa.

Tufe la kioo nalo limeondoka kama njia, likabaki kama pambo. Tufe la kioo kizima likiachwa juani hukusanya mwanga kama lenzi na linaweza kuunguza kitambaa, na hema litafungwa mchana, jua likiwaka. Badala yake tunatumia globu ya plastiki ya taa ya bustani, kipenyo sentimita 20, yenye waya wa taa ndogo za betri ndani. Ukibandika karatasi nyembamba ya kufungia zawadi upande wa ndani, taa hazionekani moja moja.

Siku 30 kabla

Karata. Pendekezo la kwanza lilikuwa kuagiza tarot. Tarot kamili ina karata 78: kubwa 22 na ndogo 56. Ilianza Italia ya kaskazini katika karne ya 15 kama mchezo wa kawaida wa karata, na matumizi yake ya kubashiri yakashika kasi Ufaransa karne ya 18. Mtabiri wa mchezo hawezi kukariri maana 78 kwa mwezi mmoja, na ile karata ya Kifo ikitoka mbele ya mgeni, dakika tatu zinaishia kumtuliza.

Karata za kawaida 52 zinatosha, na Kiswahili kinatupa njia ya mkato. Majina yetu ya zamani ya karata yametoka kwa Wareno: shupaza ni panga, kopa ni vikombe, uru ni dhahabu, pau ni fimbo. Hizo ndizo alama nne za karata za Kiitaliano zilizozaa tarot. Michoro ya karata tunazochezea barazani imefuata Wafaransa, majina yamebaki ya Wareno. Kwa hiyo Sungura anasoma jina tu:

Shupaza, panga: maneno, maamuzi, kukata shauri. Kopa, kikombe: watu, urafiki, karamu. Uru, dhahabu: kazi na mali. Pau, fimbo: safari, nguvu, kuanza jambo.

Namba zina maana zao 13, kuanzia ree (mwanzo) hadi mfalme (mtu mzima atakayekusaidia). Jumla ya kukariri ni 4 na 13, yaani vitu 17 badala ya 52. Saba ya uru inakuwa "kusubiri" na "mali": malipo yanayochelewa lakini yapo njiani. Mgeni anavuta tatu, kwa jana, leo na kesho. Mpangilio wa karata tatu unaweza kutoka kwa namna 132,600, hivyo hofu ya wageni wawili kupata usomaji uleule haipo, hata mtabiri akiwa mvivu.

Siku 27 kabla

Maandishi ya utabiri ndiyo kazi yenyewe. Hema na vitambaa ni ganda. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer wa Marekani aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani ni yake peke yake, kumbe wote walipewa maneno yaleyale yaliyotolewa kwenye kitabu cha nyota. Walipoyapima kwa alama hadi 5, wastani ulikuwa 4.26. Maneno mapana humtosha kila mtu, kama shuka. Ndiyo maana tumeyakwepa. "Una kipaji ambacho hujakitumia" linaaminika mno, na mgeni atalala nalo. Sisi tunataka utabiri mdogo, wa karibu, unaochekesha, ambao ukikosea hakuna kilichoharibika.

Kanuni ya kuandika: jambo moja, ndani ya siku saba, lionekane kwa macho. Yaliyokubaliwa:

"Kabla ya Ijumaa utakuta noti kwenye suruali uliyoisahau kabatini."
"Utafika Magogoni na pantoni ndiyo kwanza inafungua mlango."
"Mtu atakuambia yuko njiani. Atakuwa bafuni."
"Mwendokasi yatakuja mawili kwa mpigo, na la pili litakuwa tupu."

Yasiyoruhusiwa: kifo, ugonjwa, mimba, ndoa kuvunjika, mwizi, mbaya wako, na ushindi wa kubeti. Hilo la mwisho liliingia baadaye, mjaribu mmoja alipouliza kama mkeka wake wa Jumapili utatiki. Mtabiri akijibu ndiyo kwa utani, fedha halisi inaweza kutoka mfukoni kesho yake.

Mgeni akiuliza kwa dhati, "nani ananichezea?", jibu ni moja kwa watabiri wote: "Hapa hatutaji mtu, ndugu yangu. Huu mchezo. Vuta nyingine." Kisha mtabiri anamwashiria msimamizi wa foleni. Kubishana au kutoa ushauri hairuhusiwi.

Siku 22 kabla

Mchanga. Neno ramli lenyewe ni la Kiarabu, raml, mchanga. Tunachukua hesabu yake tu. Mgeni anachoma vitobo kwa kijiti mstari mmoja bila kuhesabu, kati ya 8 na 16 hivi. Nahodha anavifuta viwili viwili kutoka mwisho mpaka kibaki kimoja au viwili. Mistari minne, kila mmoja ukiwa na majibu mawili yanayowezekana, inatoa maumbo 16. Kila umbo limeandikiwa utabiri tatu, jumla 48, maana marafiki wanaokuja pamoja hulinganisha mara wakitoka. Wageni 30, nusu ya wote, kwa maumbo 16 ni kama wawili kwa kila umbo, hivyo maandishi matatu yanatosha.

Mchanga wa ufukweni ukichotwa na kumiminwa moja kwa moja ni kosa. Una chumvi, chumvi inavuta unyevu wa hewa, na kufika saa tatu usiku umeshikana kama sukari guru. Hatua: chota, osha kwa maji baridi mara tatu ukikoroga na kumwaga, anika kwenye turubai siku mbili ukigeuza, chekecha kwa chekeche la unga. Sinia la kipenyo cha sentimita 50, mchanga kina cha sentimita 2, ni karibu lita 4, kilo 6 na kitu. Ongeza lita moja ya akiba, kwa sababu wageni huondoka nao kwenye mikono ya majoho.

Siku 20 kabla

Mbegu za ukwaju, mchezo wa kwenye foleni. Mbegu nne, kila moja imesuguliwa upande mmoja kwenye sakafu ya sementi hadi weupe utokee. Mgeni anarusha, anahesabu nyeupe, anachukua kikaratasi cha kopo lenye namba hiyo, 0 hadi 4.

Kosa la kwanza: makopo matano yalijazwa vikaratasi sawasawa. Lakini kati ya mirusho 16, nyeupe mbili hutarajiwa mara 6, moja au tatu mara 4 kila moja, sifuri na nne mara moja moja tu. Kopo la 2 lingekwisha saa tatu. Mgawo mpya wa vikaratasi 96: 6, 24, 36, 24, 6. Cha sifuri na cha nne vina zawadi ya kashata, kwa kuwa ni adimu.

Kosa la pili: mbegu zilisuguliwa hadi zikabaki nusu. Mbegu ya namna hiyo hupenda kulalia upande wake bapa, weupe unajificha, na kopo la 4 halifunguliwi usiku kucha. Sugua mpaka weupe uonekane, basi.

Siku 18 kabla

Vikombe vya kahawa. Kahawa ya mtaani imechemshwa, machicha yanatulia chini ya dele, na inayofika kikombeni ni safi. Kwa mnywaji ni sifa. Kwa Muuza kahawa wetu ni hasara, maana kikombe hakina cha kusoma. Suluhisho: kahawa iliyosagwa laini kama unga, gramu 6 kwa kikombe cha mililita 60, ichemshwe bila kuchuja, dele litikiswe kabla ya kumimina. Tangawizi isiwekwe, nyuzi zake zinaelea na kuchora takataka. Kikombe kiwe cheupe ndani na kipana juu. Mgeni anaacha funda la mwisho, anazungusha mara tatu, anafunika kwenye sahani, anasubiri dakika tatu.

Jumla yake ni dakika saba kabla neno halijasemwa. Kwa hiyo kahawa inanyweka nje, kwenye benchi, na mgeni anaingia na kikombe kilichofunikwa tayari. Muuza kahawa anataja umbo analoliona na kumwuliza mgeni yeye anaona nini. Mara nyingi mgeni ndiye anayechekesha.

Siku 14 kabla

Jaribio la kwanza, watu 12, meza ya mchanga na ya karata.

Mpango ulikuwa dakika 4 za kusoma na 1 ya kubadilishana: watu 12 kwa saa kwa kila meza, saa mbili na nusu, meza mbili, watu 60 kamili. Uhalisia ulikuwa dakika 7, pamoja na ile 1 ni 8. Kwa kasi hiyo meza moja inahudumia watu 18, mbili 36, na wageni 24 wanakwenda nyumbani na kinyongo.

Dakika tatu za ziada zinaliwa na mazungumzo baada ya utabiri, si na utabiri wenyewe. Mgeni hajui kama kumekwisha, anakaa. Dawa: kila mtabiri ana tendo la kufunga. Nahodha anasawazisha mchanga kwa rula. Sungura anakusanya karata na kuzigonga mezani mara mbili. Tendo likifanyika, mgeni mwenyewe anainuka. Jaribio la marudio siku hiyohiyo limeshuka hadi dakika 4 na nusu.

Foleni ya kusimama imefutwa pia. Kila mgeni anapewa namba, msimamizi anaita tatu tatu, wengine wanaendelea kula na kucheza muziki.

Jambo dogo lililochekesha: Nahodha ana miaka 22, alimpokea mama wa makamo kwa sauti ya kamanda, "Keti, msafiri!" Mama akabaki amesimama. Uhusika hauondoi shikamoo. Kwenye maelekezo sasa: mkubwa aingiapo, shikamoo kwanza, unahodha baadaye.

Siku 9 kabla

Hema la mita 3 kwa 3, pande tatu vitambaa, upande wa nne wazi. Vitambaa mita 27 za satini ya buluu kutoka Kariakoo, kwa upana wa mita moja na nusu: kila ukuta ni vipande vinne vya urefu wa mita 2.25, yaani upana wa mita 6, mara mbili ya ukuta, ili mikunjo ipatikane. Kitambaa kisicho na mikunjo kinaonekana shuka lililoanikwa.

Taa. Kadi za utabiri zilichapwa steshenari kwa herufi za ukubwa wa 12 na kupigwa laminesheni. Zimerudi zote. Usiku 12 haisomeki, na laminesheni inaakisi taa moja kwa moja machoni. Toleo la pili: herufi 18 nzito, karatasi nene ya gramu 250, bila kung'aa. Meza ya mchanga taa yake inakaa chini, pembeni, ikimulika kwa ulalo. Taa ya juu inafuta vivuli na vitobo havionekani. Taa zote ni za kuchaji. Umeme ukikatika, muziki ndio utakaonyamaza, si sisi.

Feni ilikuwa kwenye orodha kwa sababu ya joto, na imehamishiwa kwenye benchi la kahawa. Hemani inarusha karata na kutia mchanga machoni. Chetezo cha udi kiko nje pia, mita 4 kutoka hemani, kwa ajili ya harufu na mbu. Mkaa ndani ya satini hauna mjadala.

Siku 6 kabla

Kona ya wasiotaka utabiri. Mwanzoni ilikuwa kiti na soda, yaani adhabu. Sasa kamba yenye kanga 10, zimekunjwa jina (maneno yaliyoandikwa) likiwa ndani. Mgeni anavuta pindo la moja, anasoma jina kwa sauti, anapiga nayo picha. Haidai kujua kesho ya mtu. Kanga zimechaguliwa dukani Mtaa wa Uhuru kwa kusoma jina kwanza, mji (mchoro wa katikati) na rangi baadaye, kwa sababu kanga nyingi nzuri zimebeba kijembe. "Japo sipati tamaa sikati" imepita. "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu" imepita na inapendwa kuliko zote.

Msimamizi anatega vitendawili hapohapo. "Kuku wangu katagia miibani" hupata jibu, nanasi, haraka kutoka kwa waliokulia shamba. Wa mjini huanza kuhesabu mayai.

Siku 2 kabla

Jaribio la mwisho, watu 20, usiku, taa za betri. Dakika 4 na sekunde 20 kwa wastani. Karata zilishikana kwa jasho na unyevu kufika mgeni wa 15: poda kidogo ya mtoto, zichanganywe, zifutwe kwa kitambaa kikavu. Pakiti mbili za akiba.

Bango la mlangoni limebadilishwa kutoka "Jua kesho yako" kuwa "Mchezo wa kubahatisha. Tukikosea, usirudi kudai." Watu walicheka kabla hawajaingia.

Siku yenyewe

11:00 jioni hema limesimama. Mchanga umefunikwa kwa nailoni mpaka dakika ya mwisho. Jua limezama, adhana ya Magharibi, watabiri wamevaa. Tulingoja hadi baada ya Isha kama ilivyopangwa. Meza zikifunguliwa mapema, namba zinaitwa na wenyewe wako msikitini.

2:05 mgeni wa kwanza. 2:50 kofia ya Sungura imeanza kudondosha sikio la kushoto, pini mbili. 3:10 kopo la 2 la ukwaju lilijazwa upya kutoka akiba. 3:25 mgeni mmoja aliuliza swali la "nani"; jibu likatolewa, akavuta karata nyingine, tisa ya pau, safari, akaondoka anacheka. 3:40 umeme ulikatika dakika 12, meza hazikusimama, na watu walijaa hemani kwa sababu ndipo palipokuwa na mwanga. Msimamizi alilazimika kuwatoa wasio na namba. Hilo halikuwa kwenye mpango.

4:35 mwisho.

Siku 1 baada

Waliohudumiwa: mchanga 27, karata 28, vikombe 19, kanga 22. Wengine walipita meza zaidi ya moja, hivyo jumla inazidi wageni.

Hasara: vikombe viwili, mbegu moja ya ukwaju, kanga moja (ile ya dereva, ilionekana mara ya mwisho kiunoni mwa mgeni aliyevaa kama maharamia). Karata zimehesabiwa, pakiti ya kwanza ina 51. Malkia wa kopa hayupo.

Marekebisho kwa mara ijayo: benchi la kahawa liwe la watu sita, si wanne, taa ya pili nje ya hema kwa ajili ya umeme kukatika, bakuli la maji na taulo kwenye meza ya mchanga, maana mgeni akitoka hapo anakwenda moja kwa moja kwenye sambusa.